Nyumba na studio za wachongaji sanamu Paris na Uingereza, niende zipi?

binti_wa_newala

Habari za humu wakuu. Mwezi wa tano Mungu akipenda nitakuwa Ulaya, wiki moja Paris kwa mambo ya kozi halafu navuka kwenda London kwa dada yangu nikae kidogo, viza zote mbili nimeshapata ya Ufaransa na ya Uingereza kwa hiyo hilo limeisha. Muda wa kutembea ninao. Mnara wa Eiffel nitauona hata kwa mbali, ninachokitaka hasa ni zile nyumba na karakana za wachongaji ambazo zimetunzwa vile vile wenyewe walivyoziacha.

Sababu ni mjomba wangu. Anachonga vinyago pale Mwenge, na babu kabla yake alichonga, mi nimekulia kwenye vibanzi vya mpingo. Nilipomwambia naenda Paris akasema usiniletee picha za masanamu yanayong'aa, hayo nayaona kwenye simu, kaniangalie wenzetu wanakaaje wakiwa wanachonga, patasi zao zikoje, mwanga wanaupata upande gani, gogo kubwa au jiwe wanaligeuzaje, na kazi iliyopasuka katikati wanaifanyaje. Nimeyaandika yote kwenye daftari maana najua nikirudi ataniuliza moja moja.

Nimesomasoma nimeona Rodin ana makumbusho, kuna Brancusi, huko Uingereza kuna mama mmoja Barbara Hepworth na Henry Moore. Sasa kwa mtu mwenye siku mbili tatu za Paris na siku chache za Uingereza mngemshauri aende wapi? Na kama kuna sehemu ukifika unakuta ukumbi wa kawaida tu na vitu kwenye kabati la kioo, naomba mniambie mapema. Za bure zipo? Hela yenyewe ni ya kubana.

mzee_wa_Montparnasse

Karibu sana Paris binti. Naishi huku miaka mingi na hizi nyumba ndo mapumziko yangu ya Jumapili kwa hiyo mnivumilie nitaandika kirefu.

Brancusi mtoe kwenye listi. Studio yake iko kwenye uwanja wa mbele ya Pompidou, kile kituo kikubwa cha sanaa, na Pompidou yote imefungwa kwa matengenezo mpaka 2030. Inaniuma maana ndo mtu aliyeifikiria studio yake kuliko wote. Alitoka Romania akafika Paris 1904, akapata nafasi kwa Rodin akaondoka mapema sana kwa sababu hakutaka kukulia kwenye kivuli cha mkubwa, baadaye akajichimbia kwenye kichochoro kinaitwa Impasse Ronsin. Uzeeni kazi yake kubwa ikawa kupanga, hii isogee huku, ile ikae karibu na ile, na akiuza moja anatengeneza nakala yake ya plasta anairudisha pale pale ilipotoka ili mpangilio usivurugike. 1956 akaandika wosia akaipa serikali ya Ufaransa kila kilichomo, kwa sharti studio ijengwe upya kama ilivyokuwa, na mwaka uliofuata akafariki. Kuna sanamu 137 na vikalio 87, yaani vile vigogo na mawe ya kuwekea sanamu, navyo kwake vilikuwa kazi kamili. Ila hata enzi ikiwa wazi hukuwa unaingia ndani, unazunguka nje ya kioo unachungulia, kwa maswali ya mjomba wako isingetosha.

Rodin. Watu wote wanakimbilia rue de Varenne, lile jumba la Hôtel Biron lenye bustani, alianza kupanga vyumba pale 1908. Pazuri, sikatai, lakini pale unaona kazi zilizokwisha. Wewe nenda Meudon, nje kidogo ya mji, ndo kwake kabisa, Villa des Brillants, aliinunua 1895. Pale kuna ukumbi umejaa plasta tupu, miguu, mikono, viwiliwili visivyo na vichwa, na ndo utaelewa kitu ambacho mjomba lazima umwambie: Rodin hakuwa mtu wa kushinda na patasi mkononi. Yeye alifinyanga udongo. Kuna fundi wa kalibu anauchukua udongo ule anatoa plasta, na hiyo plasta ndo inakwenda kwa wasubu shaba au kwa wachonga marumaru, na hao wachonga marumaru ni watu wengine ameajiri, wanapima nukta kwa nukta kutoka kwenye plasta mpaka kwenye jiwe. Akitaka anachukua mkono wa sanamu moja anaubandika kwenye mwili wa nyingine anaangalia inakuwaje. Hili ukiwa mjini kwenye shaba zilizosuguliwa hulioni. Nje kuna kaburi lake na mkewe Rose Beuret, lile sanamu la Mtu Anayefikiri limekaa juu yao. Waliishi pamoja tangu ujana, ndoa wakafunga Januari 1917, mama akafariki Februari, mzee akafuata Novemba mwaka ule ule.

Meudon haifunguliwi kila siku, cheki tovuti yao kabla hujapanda treni.

Sasa ambayo ningekushika mkono nikakupeleka mwenyewe ni ya Bourdelle, hapa mtaani kwetu karibu na stesheni ya Montparnasse. Mkusanyiko wao wa kudumu ni BURE, ni makumbusho ya jiji. Bourdelle baba yake alikuwa seremala wa samani huko Montauban, yeye akaja Paris, akapata studio hapo 1885 akakaa mpaka anakufa 1929, na kwa miaka kama kumi na tano alikuwa mmoja wa hao hao waliokuwa wanamchongea Rodin marumaru. Studio ipo, sakafu ya mbao iliyochoka, dirisha kubwa la kaskazini. Hilo ndo jibu la mwanga binti, mwambie mjomba studio nyingi za huku utakuta dirisha la kaskazini, kwa sababu upande huo jua haliingii moja kwa moja, mwanga unakaa vile vile asubuhi mpaka jioni na vivuli havihamihami kwenye kazi. Halafu ukitoka hapo ingia ukumbi mkubwa wa plasta, kuna farasi la mnara wa Jenerali Alvear ambao uko Buenos Aires, ukisimama chini yake unaona tumbo lake na viungio vya vipande vilivyounganishwa. Hapo tumia muda.

Giacometti kuna taasisi yake karibu na makaburi ya Montparnasse, wamejenga upya ile studio yake, kachumba ka mita za mraba 23 alikofanyia kazi tangu 1926 mpaka 1966. Mjane wake Annette aliwahi kubandua hata zile kuta alizozichora, ndo ziko hapo. Lazima uweke nafasi mtandaoni. Ukikosa muda irukwe, kwa sababu mahali penyewe siyo pale, ni mtaa mwingine, na kwa macho yangu mimi kitu kilichohamishwa hakikupi kile unachokitafuta.

mama_wa_bristol

Assalaam alaykum nyote. Mwanangu, ukifika Uingereza usikwame London. Panda treni Paddington mpaka St Erth, hapo unabadilisha unapanda kitreni kinachokwenda kandokando ya bahari mpaka St Ives. Ni safari ya kula kutwa kwa hiyo panga ulale huko, usiende ukarudi siku moja utachoka bure.

Nyumba ya Barbara Hepworth iko mjini kati, imezungushiwa ukuta, ukipita nje hujui kama mna kitu. Alihamia upande ule 1939 vita vilipokuwa vinaanza, yeye na mumewe Ben Nicholson na watoto wao watatu wa mapacha, kisha 1949 akainunua Trewyn Studio. Akaishi na kuchonga hapo mpaka mauti yake, moto uliwaka humo humo nyumbani Mei 1975, ana miaka 72. Mwaka uliofuata jamaa zake wakaifungua kwa watu kama alivyotaka mwenyewe, na 1980 ikawa chini ya Tate, yale makumbusho makubwa ya sanaa ya Uingereza.

Huyu ni tofauti na Rodin wa mwenzangu hapo juu, huyu alichonga kwa mkono wake. Alikuwa na wasaidizi ndiyo, lakini nyundo na patasi alizishika mwenyewe. Kuna ua wa kuchongea mawe, unausogelea unaukuta kama ameondoka kidogo tu atarudi: patasi na tupa zimepangwa, makoti yake meupe ya kazi yananing'inia, na mawe aliyokwisha kuyaanza yamesimama yanangoja. Moja limeshapata umbo upande mmoja, upande wa pili bado jiwe la machimboni. Mimi hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwengine kote. Ukumbi wa makumbusho hauwezi kukuonesha jiwe lisilokwisha ukaelewa mtu alikuwa anaanzia wapi na anaelekea wapi.

Bustani aliipanda mwenyewe akisaidiwa na rafiki yake Priaulx Rainier, mtunzi wa muziki mzaliwa wa Afrika Kusini. Kuna mianzi na mijani mipana ya nchi za joto maana Cornwall baridi yake si kali sana, na sanamu za shaba zimekaa humo pale pale alipoziweka yeye. Moja kubwa ya 1966 ina matundu unapita katikati yake kabisa. Na kuna kibanda cheupe chenye kitanda kidogo alichokuwa akipumzikia kazi ikimchosha.

Sasa hili la mjomba kuhusu miti. 1954 Hepworth aliletewa magogo ya guarea kutoka Nigeria, tani 17! Ni mti mgumu mwekundu wenye harufu nzuri. Alikuwa na msiba, mwanawe mkubwa Paul alikuwa rubani, ndege yake ilianguka Thailand 1953, rafiki yake akamchukua wakaenda Ugiriki atulize moyo, na karibu na kurudi ndo gogo zikafika. Akazipa majina ya sehemu za Ugiriki, Corinthos ndiyo kubwa kuliko zote. Nje kaiachia rangi ya mti kaisugua mpaka inang'aa, ndani kalichimba tundu refu linapinda kalipaka rangi nyeupe. Hiyo ni mali ya Tate, haikai St Ives siku zote, uliza kabla ya kwenda. Ila ukiwa St Ives ingia kanisa la mji, yumo Mariamu na mtoto aliyemchonga kwa jiwe kwa kumkumbuka Paul. Hakuna tiketi.

Lushois_Bruxelles

Jambo kwenu. Mama wa Bristol asante, lakini umesahau kitu moja yenye inatuhusu sisi watu wa Katanga, kule Congo, mi niko naishi Bruxelles lakini kwetu ni Lubumbashi.

Ile ndege ya Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, yenye ilianguka karibu na Ndola Septemba 1961 wakati alikuwa anaenda kuongea na Tshombe, mkubwa wa Katanga wakati ule, juu ya vita ya Katanga, kwetu wazee banaongea hiyo habari mpaka leo, kila mzee ana yake. Hammarskjöld alikuwa rafiki ya Hepworth, na alikuwa na sanamu yake moja ya mti wa msandali. Mwaka ule ule Hepworth alichonga moja kwa mti wa mjozi akiwa anamufikiria, akaiita kwa jina la mwezi, Septemba. Halafu Umoja wa Mataifa wakamuomba afanye ile kubwa yenye iko mbele ya jengo yao New York, iko na urefu wa mita 6.4, na tundu moja juu, ilifunguliwa 1964.

Sasa ile haikuweza kuingia katika ile nyumba ya Trewyn, ilikuwa ndogo. Ng'ambo ya barabara kulikuwa jumba la zamani la sinema na dansi, Palais de Danse, Hepworth alinunua 1961, humo ndani ndo alifanyia plasta ya hiyo kitu kubwa, kisha ikaenda London kwa wasubu shaba. Ukiwa St Ives uulize kama siku hiyo wanafungua, maana Tate iko kuitengeneza. Hata kama imefungwa simama mbele yake. Mi nilisimama hapo na kaka yangu mkubwa, na yeye alikuwa mtoto Elisabethville, ndo Lubumbashi ya leo, mwaka ule, aliona wanajeshi wa Umoja wa Mataifa kwa macho yake. Tulikaa pale muda, yeye anasimulia tu.

binti_wa_newala

Jamani mmenipa kitu ambacho hata kwenye vitabu vya safari hakipo. Tani 17 za mti kutoka Nigeria! Mjomba nimemsomea kwa simu akanyamaza kwanza, halafu akauliza gogo la namna hiyo lilishushwaje na lilikauka muda gani kabla hajaanza kulichimba, kwa sababu mpingo ukiuharakisha unapasuka.

Swali lingine. Kati ya Hepworth na Moore nikilazimika kuchagua mmoja? Dada anasema Moore ni karibu na London.

kijana_wa_Kisii

Sasa wasee. Mi natoka familia ya wachonga mawe ya sabuni, Tabaka, saa hii niko Luton nafanya kazi, kwa Moore nimeenda na niko na maoni.

Kufika ni rahisi, treni kutoka Liverpool Street mpaka Bishop's Stortford halafu teksi mpaka Perry Green, ni kijiji tu. Huwa wanafungua majira ya joto, kuanzia mwezi wa nne hivi mpaka wa kumi, kwa hivyo mwezi wa tano uko sawa. Moore alikuwa mtoto wa mchimba makaa ya mawe, alihamia hapo 1940 juu nyumba yao ya London iliharibiwa na mabomu, akaanza na nyumba moja inaitwa Hoglands, kidogo kidogo akanunua mashamba ya jirani mpaka ikawa ekari 70. Alikufa 1986. Sasa unatembea kwa majani na masanamu makubwa yametawanyika kila mahali, na kuna moja iko kwa shamba la kondoo, kondoo wanajikuna hapo na jua likiwaka wanalala chini yake, na Moore aliifanya akijua hivyo, ndio maana inaitwa Kipande cha Kondoo.

Lakini enyewe nenda kwa ile studio ndogo ya vielelezo, yaani mifano midogo ya sanamu. Ni karoom kadogo kamejaa shelfu, na kwa shelfu kuna mifupa, mawe ya kuokota, makombe ya bahari, vipande vya mti. Alikuwa anaokota jiwe lenye tundu analiongezea plasta kidogo, ya saizi ya mkono, anaizungusha kwa vidole anaiangalia pande zote, na hiyo ndo inakuja kuwa mita tano huko nje. Kuna fuvu la tembo wa Afrika alipewa na rafiki zake akina Huxley miaka ya sitini mwisho, akakaa nalo akichora ndani ya mashimo yake, akatoa picha nzima za kuchapa kutoka hapo. Mimi niliangalia ile shelfu nikafikiria mzee wetu nyumbani, yeye pia hawezi pita jiwe njiani bila kuligeuza.

Zile kubwa naye alikuja kuzifanyia na styrofoam, ile nyeupe nyepesi, wasaidizi wanaikata ifuate kielelezo halafu inaenda kwa shaba. Kwa hivyo swali la kugeuza kitu kizito hapo hutapata jibu, hakuna uzito. Kwa mjomba wako nenda Hepworth. Kwa wewe mwenyewe, kama uko na siku ya pili, enda Moore.

Na ukiwa Paris, karibu na UNESCO, kwa boma lao kuna Ndege wa Amani wa Elkana Ong'esa, huyo ni mtu wetu wa Tabaka. Jiwe letu liko Paris.

padova_mswahili

Fupi tu. Hayuko kwenye njia yako lakini siku ukija Italia nenda Possagno, nyumba aliyozaliwa Antonio Canova, karibu na vilima kaskazini ya Venezia. Kuna jumba la plasta zake lililojengwa miaka ya 1830, na kwenye plasta nyingi, usoni, mabegani, mapajani, kumepigwa vimisumari vidogo vyeusi. Ndo zile nukta anazosema mzee wa Montparnasse. Fundi anapima umbali kati ya msumari na msumari anauhamishia kwenye marumaru, anatoboa mpaka kina kile, anaondoa jiwe, anapima tena. Msichana wa plasta mweupe kalala na mwili mzima una vidoti vyeusi. Ukishaona hivyo, sanamu yoyote ya marumaru utakayokutana nayo utaanza kutafuta zile nukta zilikuwa wapi.

Mtanga_Massachusetts

Kuhusu kugeuza kitu kizito na mwanga, kuna mahali huku Marekani wamelijibu swali la mjomba kabisa kabisa, nalileta hapa hata kama hutafika.

Ni Chesterwood, Stockbridge, nyumba ya mapumziko na studio ya Daniel Chester French, huyu ndo aliyemtengeneza Lincoln aliyekaa kwenye kiti pale Washington. Shamba alinunua 1896, studio ikajengwa 1898 na msanifu Henry Bacon, huyo huyo aliyekuja kusanifu jengo la kumbukumbu ya Lincoln. Sasa ukiingia ndani angalia chini. Kuna reli. Reli ya treni kweli, imepita katikati ya sakafu inaelekea kwenye milango mirefu sana, na juu ya reli kuna meza inayozunguka. French alikuwa anafinyanga juu ya ile meza, akifika mahali anataka kujua kazi itaonekanaje nje kwenye jua, wanafungua milango wanaisukuma sanamu nzima nje na meza yake, wanaizungusha, anatazama vivuli, anarekebisha, inarudishwa ndani. Kwa sababu sanamu ya uwanjani ukiitengenezea ndani kwa mwanga wa dirishani tu, siku ukiitoa uso unabadilika wote.

Lincoln mwenyewe hakuchongwa hapo. Vielelezo vilifanyika hapo na studio yake ya New York, marumaru ilichongwa Bronx na ndugu wa Piccirilli, mafundi wa Kiitalia, vipande 28 vimeunganishwa. Kielelezo cha plasta kipo Chesterwood unakitazama kwa karibu. Bintiye ndo aliyeitunza nyumba ile baba alipofariki, mwisho akaikabidhi kwa shirika la taifa la kuhifadhi majengo. Bila yule dada leo pangekuwa nyumba ya mtu mwingine na reli imeng'olewa.

fundi_tezo

Nimesoma toka juu. Mimi niko hapa hapa Dar, nachonga, na nadhani mjomba wako tunafahamiana.

Nawauliza wenzangu kitu. Hizo nyumba zote mlizotaja zimebaki kwa sababu mtu mmoja aliamua. Rodin 1916, mwaka mmoja kabla hajafa, aliipa serikali kila kitu. Brancusi wosia. Hepworth wosia. French bintiye. Huyu Samaki Likankoa ambaye wazee wetu wanamtaja kwamba ndo aliyeanzisha mtindo wa shetani, vile vinyago vya mapepo, hapa Dar miaka ya hamsini, nani humu anaweza kuninyooshea kidole akasema hapa ndipo alipokuwa anakaa akachonga? Mtindo wenyewe umezunguka dunia nzima, kazi zake ziko kwa wenye makusanyo Ulaya. Mahali pa kuchongea sisi huwa tunapaona ni chini ya mwembe tu, mwembe ukikatwa basi. Mimi nasema mahali ni sehemu ya kazi. Tezo ya babu inayo alama ya kidole gumba chake kwenye mpini, hiyo ukiiuza kama chuma chakavu umeuza elimu.

kijana_wa_Kisii

@fundi_tezo umeongea lakini karatasi peke yake haitoshi, kwetu Kenya tuliona. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais, hakuwa mchongaji ila alikusanya kazi nyingi sana za Afrika, aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga na mkusanyiko miaka ya sabini wakikubaliana itakuwa taasisi ya mafunzo ya Afrika. Vitu vimebaki, viko Nyaraka za Taifa na Nairobi Gallery, unaweza kwenda leo. Nyumba haikutunzwa, ikaisha. Yeye mwenyewe amezikwa City Park na mke wake Sheila, masanamu yamewazunguka.

Kwa hivyo swali ni pesa ya kutunza inatoka wapi kila mwaka.

mzee_wa_Montparnasse

Hapo umegusa penyewe kijana. Rodin hakuwapa nyumba na plasta tu, aliwapa na haki ya kusubu. Makumbusho yake mpaka leo inasubu shaba kutoka kwenye plasta zake na kuziuza, sheria ya Ufaransa inasema za halisi zisizidi 12 kwa kila sanamu, na hiyo hela pamoja na tiketi ndo inayowalisha. Yaani zile plasta za Meudon siyo mabaki, ni kama ng'ombe wa maziwa wa nyumba ile. Mti hauwezi kufanya hivyo, kinyago cha mpingo ni kimoja basi, kwa hiyo sisi itabidi njia iwe nyingine. Wenye kuchonga wakiamua kutenga banda moja pale pale sokoni likae na zana za wazee na kazi ambazo hazikuisha, na mtalii akalipa kidogo kuingia kabla hajanunua, mimi naona linawezekana, na wateja wapo tayari pale.

fundi_tezo

Banda lipo. Lilikuwa la marehemu mwenzetu, zana zake bado ziko kwa familia na kuna gogo aliliacha nusu, la ujamaa, yaani watu wamepandana kwenye mti mmoja, watu wa chini wameshatokea na wa juu bado wamo ndani ya mti. Watoto wake walikuwa wanataka kulimalizia waliuze. Kesho asubuhi naenda kuongea nao.

Binti, na wewe ukifika kwa Bourdelle na kwa huyo mama wa St Ives piga picha za vitu hivi: patasi zimepangwaje ukutani, kazi iliyo nusu wameiwekea kibao kimeandikwa nini, na sakafu wameifanyaje watu wapite bila kugusa. Uliza pia wadudu wa mti wanawazuiaje. Nitumie kwenye namba ya mjomba wako.